Kila nikifuta, kinarudi: uchambuzi wa kirusi kaidi kwenye kompyuta ya dada

Dada yangu alinipigia simu jioni, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Mdogo wangu, fundi amesema hii kompyuta haina dawa, ninunue nyingine. Wewe unasemaje?"

Alikuwa amehangaika wiki tatu. Kivinjari kilimfungulia ukurasa wa utafutaji ambao hakuuchagua. Matangazo yalichomoza pembeni mwa skrini. Feni ilivuma usiku kucha, mashine ikiwa haina kazi yoyote. Alikuwa amefuta kiendelezi kigeni, yaani programu ndogo ya nyongeza iliyojiweka kwenye kivinjari, kikarudi. Aliondoa kivinjari chenyewe na kukiweka upya, kiendelezi kikarudi. Mara tatu aliamuru antivirusi ya Windows ipekue kompyuta nzima, na mara zote tatu ilimpa alama ya kijani kwamba hakuna tatizo.

Nakisimulia kisa hiki kwa kirefu kwa sababu alichokosea dada ndicho wanachokosea karibu watu wote, na hata mimi nilikikosea siku ile ya kwanza. Tulishughulika na kile kinachoonekana. Kiendelezi, matangazo na kelele za feni ni machipukizi tu. Programu hasidi iliyokusudia kukaa huacha mahali pengine kitu kidogo, kimya, chenye kazi moja: kuangalia kama machipukizi yapo, na yakikatwa, kuyaotesha tena. Kwa hiyo swali la "ni kirusi gani hiki?" linaweza kungoja. La kuuliza kwanza ni: nani anakirudisha, na anakirudisha saa ngapi?

Saa ndiyo iliyotufikisha kwenye kisiki.

Kompyuta yenye aibu

Nilifika Jumamosi asubuhi. Kabla sijagusa chochote, dada akaniambia neno ambalo fundi hakulitilia maanani. "Hii mashine ina aibu. Nikifungua Task Manager nione kinachokula nguvu, feni inanyamaza. Nikifunga, inaanza tena."

Nilijaribu mbele yake. Feni ilikuwa inavuma. Nikafungua Task Manager. Kwa sekunde moja hivi kichakataji kilionekana kikifanya kazi karibu kwa nguvu zake zote, kisha mstari ukaporomoka hadi chini kabisa na chumba kikatulia. Nikafunga, nikahesabu moyoni, na kabla sijafika thelathini feni ikaanza kupanda. Dada hakuwa anatia chumvi. Programu zinazochimba sarafu za kidijitali kwa siri kwenye kompyuta za watu huandikwa hivyo makusudi: zinachunguza kama Task Manager imefunguliwa, na zikiiona, zinajizima hadi uondoke.

Kwenye flashi nilikuwa na Process Explorer, programu ya bure ya Microsoft inayoonyesha michakato, yaani programu zinazoendelea kufanya kazi, kwa undani kuliko Task Manager. Kwa kuwa baadhi ya wachimbaji hao huitambua hata hiyo kwa jina lake, niliibadilisha jina nikaiita barua.exe, ndipo nikaifungua. Feni haikunyamaza. Pale juu ya orodha palikuwa na svchost.exe inayomeza karibu kichakataji chote.

Jina svchost.exe halina kosa. Windows yoyote yenye afya huwa na michakato mingi ya jina hilo, na ndiyo maana wezi wanalipenda. Cha kutazama ni anwani na mzazi, yaani mchakato uliouanzisha. Svchost ya kweli hukaa ndani ya C:\Windows\System32 na huanzishwa na services.exe. Hii ilikuwa inatokea kwenye folda moja ndani ya C:\ProgramData, na mzazi wake hakuwepo tena. Niliandika anwani ile kwenye daftari.

Baada ya hapo nikachomoa waya wa intaneti na kuzima Wi-Fi. Najua wengi wanashauri intaneti ikatwe kabla ya yote, na kwa kawaida nakubaliana nao; lakini mashine ile ilikuwa imeshakaa wiki tatu hewani, na dakika kumi za kukiona kikiwa kazini zilikuwa na thamani. Muda mfupi baada ya waya kutoka, feni ikapungua yenyewe. Mchimbaji hupokea kazi kutoka kwenye seva ya mbali. Akikosa mtandao hana cha kuchimba.

Nikamwomba dada kitu kimoja: asiingie kwenye akaunti yoyote kwa kompyuta ile, iwe barua pepe, iwe benki, mpaka nimwambie.

Saa 4:37, 5:07, 5:37

Kwenye kivinjari, kiendelezi kigeni hakikuwa na kitufe cha kukiondoa. Chini ya menyu palikuwa na maneno kwamba kivinjari kinasimamiwa na shirika lako. Dada hana shirika. Kompyuta ni ya sebuleni. Ujumbe huo hutokea pale mtu anapoweka sera ndani ya rejista ya Windows, yaani hazina ya mipangilio yake, njia halali kabisa ambayo ofisi hutumia kulazimisha mipangilio kwenye mashine za wafanyakazi. Ukiandika chrome://policy kwenye sehemu ya anwani, utaziona sera zote zilizowekwa. Ya dada ilikuwa moja tu: ExtensionInstallForcelist, yaani orodha ya viendelezi ambavyo ni lazima viwepo na mtumiaji hana ruhusa ya kuviondoa.

Nikaingia kwenye rejista, nikaifuta sera ile pale HKLM\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome, na kiendelezi kikatoweka. Dada akapiga makofi. Tukageuka kuzungumza mambo mengine, na tuliporudi kutazama, sera ilikuwa imeshakaa mahali pake kama haijaguswa.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa nimefuta bila kupiga picha ya skrini wala kuandika muda. Kufuta kunaharibu ushahidi, na ushahidi ndio uliokuwa mali yetu pekee. Hata hivyo kurudi kwake kulinipa jambo moja la uhakika: waya ulikuwa mezani, haujachomekwa. Hakuna mtu wa mbali aliyekuwa anatuma kitu. Anayerudisha alikuwa ndani ya mashine.

Ilikuwa inarudi saa ngapi? Rejista haikuonyeshi muda kirahisi hivyo, ilibidi tulinde. Dada akashika simu yake yenye saa, mimi nikawa naburudisha ukurasa wa sera kila baada ya muda mfupi. Nikafuta saa 4:12. Ikarudi 4:37. Nikafuta. Ikarudi 5:07. Dada alikuwa ananisomea dakika kwa sauti, na ilipofika 5:37 akasema "sasa", na kweli ikawa sasa.

Nusu saa kamili, bila kupungua wala kuzidi. Kitu kinachorudi kwa mwendo wa saa namna hiyo kimewekewa saa, na ndani ya Windows mwenye kazi hiyo anajulikana: Task Scheduler.

Lakini kabla sijakwenda huko, alama ile ya kijani ilikuwa inanisumbua. Inakuwaje antivirusi ipekue mara tatu isione mchakato unaokula kompyuta mchana kweupe? Nikafungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri za Windows, kwa ruhusa za msimamizi, nikaandika Get-MpPreference, amri inayotoa mipangilio yote ya Microsoft Defender. Kwenye mstari wa ExclusionPath, yaani mahali ambapo antivirusi imeagizwa isitazame, paliandikwa hivi:

C:\

Herufi moja, nukta mbili na mkwaju. Diski nzima. Antivirusi haikuwa imeshindwa wala kuzimwa. Iliambiwa isifungue macho popote, ikatii, kisha ikaripoti kwa uaminifu kwamba haijaona kitu. Nilimwonyesha dada mstari ule, akakaa kimya kidogo, akasema, "Kwa hiyo wiki tatu zote nilikuwa naomba ushahidi kwa shahidi aliyefungwa kitambaa." Sijui namna bora zaidi ya kulieleza. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia antivirusi yake haikuona kitu, natazama orodha hiyo kabla ya jambo lingine lolote. Ipo pia kwenye mipangilio ya Windows Security, kwa asiyependa kuandika amri.

Kisiki cha kwanza

Task Scheduler ya Windows huwa na kazi nyingi mno, na karibu zote ni halali. Kuzisoma moja moja utachoka. Mimi nilikuwa na saa mkononi: niliwasha kwanza uonyeshaji wa kazi zilizofichwa, kisha nikatafuta ipi ilikimbia mara ya mwisho saa 5:37. Ilikuwa moja. Jina lake lilifanana na la kusasisha programu ya sauti. Iliwekewa kuanza mtu anapoingia na kurudia kila dakika 30, kwa mamlaka ya SYSTEM, ambayo ndani ya Windows ni makubwa hata kuliko ya msimamizi wa kawaida. Kazi yenyewe ilikuwa kuita powershell.exe kwa dirisha lililofichwa na kuipa skripti iliyokaa kwenye ile ile folda ya ProgramData niliyoiandika asubuhi.

Nilinakili skripti ile kwenye flashi na kuisoma kwa Notepad. Haikuwa ndefu, wala haikuwa na ustadi wa kutisha. Kwanza inaongeza C:\ kwenye orodha ya Defender. Kisha inaandika upya sera ya kivinjari. Halafu inaangalia kama mchimbaji yupo. Kama hayupo, inampakua tena. Mambo matatu, kila nusu saa, kwa wiki tatu. Ndiyo yaliyomfanya mtu mzima aambiwe atupe kompyuta.

Nikasimamisha mchakato, nikafuta kazi, folda, sera, na ule mstari wa C:\. Tukangoja. 6:07 ikapita. 6:37 ikapita. 7:07 ikapita. Dada akaanza kutabasamu. Nikasema tuizime na kuiwasha, kuthibitisha tu.

Ikawaka safi. Nilitazama: hakuna sera, hakuna kazi. Nikaanza kukusanya vitu vyangu. Nikachungulia mara ya mwisho, na folda ilikuwepo. Kazi ilikuwepo. C:\ ilikuwepo. Dada hakusema neno. Aliondoka pale mezani, na ukimya ule uliniuma kuliko angenilaumu.

Kisiki cha pili

Nilirudi kwenye njia ile ile, maana ilikuwa imeshatusaidia. Nikafuta vyote, nikawasha upya, nikaweka saa ya kupima kwenye simu. Vilirudi dakika ya tano ilipoanza. Mara ya pili, hivyo hivyo. Intaneti bado imekatwa. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kingine kinachongoja mashine ikae imewaka dakika nne, kisha kinajenga upya nyumba nzima, hata skripti ambayo nilikuwa nimeifuta kwenye diski. Skripti hiyo ilikuwa inatoka wapi, ikiwa faili halipo?

Hapa nilitumia Autoruns. Ni ndugu wa Process Explorer, zote mbili zimetoka kwenye kundi la zana za Sysinternals ambazo Mark Russinovich na Bryce Cogswell walizianzisha mwaka 1996 na Microsoft ikazinunua mwaka 2006. Autoruns inaonyesha kila mahali ambapo Windows inaweza kuagizwa kuanzisha kitu chenyewe: rejista, folda ya kuanzia, huduma, kazi za ratiba, viendeshi, na sehemu nyingi ambazo mtu hawezi kuzikumbuka zote kichwani. Iendeshwe kwa ruhusa za msimamizi, la sivyo itakuonyesha nusu ya mambo. Mwishoni mwa vichupo vyake kuna kimoja ambacho watu wengi hawakifungui, kimeandikwa WMI. Ndani yake palikuwa na kitu.

WMI ni mfumo wa ndani ya Windows ambao wasimamizi wa kompyuta huutumia kuiuliza mashine hali yake na kuipa maagizo. Una uwezo wa kuambiwa: jambo fulani likitokea, fanya hivi. Agizo la namna hiyo lina sehemu tatu. Kuna kichungi kinachosema ni tukio gani linangojwa. Kuna mtendaji anayesema kifanyike nini. Na kuna kiungo kinachofunga kichungi na mtendaji pamoja. Kichungi cha kwenye mashine ya dada kiliuliza muda ambao kompyuta imekaa imewaka, kikangoja uvuke sekunde 240. Dakika nne. Mtendaji alibeba skripti nzima ndani yake, ikiwa imefumbwa kwa Base64, njia ya kugeuza maandishi yaonekane kama msururu wa herufi usio na maana, na agizo lote limehifadhiwa kwenye hazina ya WMI yenyewe. Ndiyo maana hapakuwa na faili la kufuta. Unaweza kupekua folda zote za diski usiku na mchana usilione.

Kwa PowerShell orodha hiyo hutoka ukiuliza root\subscription kuhusu __EventFilter, CommandLineEventConsumer na __FilterToConsumerBinding. Tahadhari moja kwa atakayejaribu: Windows yenyewe huja na kichungi kiitwacho SCM Event Log Filter. Hicho ni cha halali, kiache. Nimewahi kuona mtu akifuta kila alichokikuta humo kwa hasira.

Sasa mpangilio wa kufuta ukawa na maana. Anayerudisha ndiye wa kwanza kuondoka, na kinachorudishwa ndicho cha mwisho. Nilifuta kiungo, mtendaji na kichungi cha WMI, kisha kazi ya ratiba, kisha mchakato na folda, kisha sera, mwisho mstari wa Defender. Nikawasha upya mara tatu, kila mara nikingoja dakika kumi na tano. Hakikurudi.

Ndipo nikaendesha upekuzi wa Defender wa nje ya mtandao, ule unaozima Windows na kupekua diski kabla Windows haijaamka, virusi vikiwa vimelala. Huchukua kama dakika 15. Antivirusi ile ile iliyokuwa inatoa alama ya kijani sasa ilikamata mabaki mawili, moja likiwa kwenye folda ya vipakuliwa. Lilikuwa limetoka kwenye faili la zipu lenye nenosiri, na tarehe yake na ya kuundwa kwa ile kazi ya ratiba zilipishana dakika mbili.

Mtoto

Dada alipoona jina la faili alijua mara moja, kwa sababu lilikuwa jina la mchezo. Mwanawe ana miaka kumi na minne. Nilimwomba dada aniachie mimi nizungumze naye, na nashukuru alikubali, kwa kuwa alikuwa amekasirika sana.

"Mjomba," kijana akaniambia macho chini, "maelekezo yalisema uzime antivirusi kwanza, kwa sababu huwa inakosea ikiona programu kama hizi. Na nenosiri la zipu lilikuwa limeandikwa pale pale."

Sikumwona mjinga. Alifuata maelekezo yaliyoandikwa vizuri, yenye picha, na yaliyomweleza mapema kwa nini onyo atakaloliona ni la uongo. Zipu yenye nenosiri inatumika kwa sababu antivirusi haiwezi kuona kilichomo. Kila kilichoonekana kama msaada kwake kilikuwa sehemu ya mtego. Angepigwa kelele siku ile, asingeniambia jambo la pili, ambalo lilikuwa muhimu kuliko la kwanza: siku ile ile akaunti yake ya mchezo iliingiliwa na mtu mwingine, naye akanyamaza kwa hofu.

Hapo mwili ukanisisimka. Mchimbaji haibi akaunti. Faili lile lilikuwa limekuja na mzigo mwingine, aina ya programu inayokwapua manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na kuki za kuingilia, huyatuma, kisha hujifuta ndani ya dakika chache. Tulikuwa tumetumia siku nzima kumfukuza mwizi aliyebaki sebuleni, na mwenzake alishaondoka na funguo wiki tatu zilizopita.

Mahali ambapo kompyuta haikuwa na shida tena

Kuki ya kuingilia ndiyo inayoufanya mtandao ukukumbuke bila kukuuliza nenosiri kila mara. Mwenye nakala yake anaingia kama wewe; hatakiwi nenosiri, na mara nyingi hata ile namba inayotumwa kwenye simu haiulizwi. Kwa hiyo kubadilisha nenosiri peke yake kunaweza kusimtoe. Tulitumia simu ya dada, si kompyuta: kwanza barua pepe, kwa sababu ndiyo inayofungua akaunti nyingine zote, tukabadilisha nenosiri, tukabonyeza kuondoka kwenye vifaa vyote, tukawasha uthibitisho wa hatua mbili. Kisha benki, kisha mitandao, kisha akaunti za kijana.

Kwenye mipangilio ya barua pepe nilitazama jambo ambalo watu husahau, nalo ni sheria za kupeleka barua. Palikuwa na moja. Kila barua yenye neno la benki ilitumwa nakala kwa anwani ambayo dada haijui, kisha ikaondolewa kwenye kikasha ili asiione. Kwangu mimi hicho kilikuwa kisiki cha tatu, na hakikuwa ndani ya kompyuta kabisa. Angenunua mashine mpya kama fundi alivyoshauri, sheria ile ingeendelea kumpeleka mtu barua zake. Tuliifuta, tukatazama pia simu na anwani za kurejeshea akaunti, tukafuta data ya usawazishaji ya kivinjari ili mashine safi isije ikaletewa kiendelezi kichafu na akaunti yenyewe.

Kwa nini nilifuta diski hata hivyo

Dada aliniuliza, kwa haki kabisa: "Si umeshakiondoa? Ya nini tena kufuta kila kitu?"

Nilimjibu nilivyoamini, na bado naamini. Nilikuwa nimekuta visiki viwili ndani ya mashine kwa sababu viwili hivyo vilijitangaza. Vilirudisha vitu nikaona. Kitu kilichofanya kazi kwa mamlaka ya SYSTEM wiki tatu kingeweza kuacha cha tatu kinachosubiri mwezi mzima bila kufanya lolote. Siwezi kuthibitisha kutokuwepo kwake. Na mashine ambayo mtu anafungulia benki haifai kukaa na "labda".

Tena, mashine iliyoambukizwa inaweza kukudanganya. Mwaka 2005 Russinovich aligundua kwenye kompyuta yake mwenyewe programu ya kuzuia kunakili muziki iliyowekwa na CD ya Sony BMG, ambayo ilificha kila faili lenye jina linaloanza na $sys$. Ukiiuliza Windows, ilijibu halipo. Kwa sababu hiyo sikunakili picha na nyaraka za dada nikiwa ndani ya Windows yake. Niliwasha mashine kwa Linux iliyo kwenye flashi, ambapo programu hasidi ya Windows haina mahali pa kuamkia, nikanakili picha, nyaraka na kazi za shule za watoto. Sikuchukua programu yoyote, wala njia za mkato, wala skripti. Nilikagua viambishi vya mwisho vya majina, kwani Windows kwa kawaida huvificha, na faili liitwalo picha.jpg.exe huonekana kwa mtumiaji kama picha tu.

Kisha, kwa kompyuta yangu mwenyewe, nilitengeneza flashi ya kuwekea Windows kwa zana ya Microsoft. Inahitaji flashi ya angalau GB 8. Wakati wa kuweka, nilifuta sehemu zote za diski moja baada ya nyingine hadi ikabaki nafasi tupu. Wapo wanaopenda kitufe cha kurejesha kompyuta kutoka ndani ya Windows. Kwa mashine inayosuasua ni sawa. Kwa iliyoambukizwa hivi, sioni sababu ya kuuomba mfumo ule ule ujisafishe.

Dada alikuwa amesikia mahali kwamba kuna virusi vinavyokaa nje ya diski. Vipo. Mwaka 2018 watafiti wa ESET walieleza LoJax, iliyojiandika kwenye programu ya msingi ya ubao mama na kustahimili hata kubadilishwa kwa diski. Lakini ile ilikuwa silaha ya kundi la ujasusi dhidi ya taasisi za serikali. Anayesambaza wachimbaji kupitia michezo ya watoto hana haja ya gharama hiyo. Nilisasisha programu ya msingi kutoka kwa mtengenezaji, nikahakikisha Secure Boot, kinga inayokagua kinachoanzishwa mashine inapowaka, imewashwa, nikatazama pia kama ruta ina DNS ngeni, yaani seva ngeni ya kuelekeza majina ya tovuti, nikabadilisha nenosiri lake la kiwandani. Ruta ilikuwa salama.

Badiliko moja ndilo ninalolitegemea zaidi. Awali familia nzima ilitumia akaunti moja, na ilikuwa ya msimamizi. Sasa kila mmoja, hata dada, ana akaunti ya kawaida, na ya msimamizi ina nenosiri lake peke yake. Kijana angefungua zipu ile ile kwenye akaunti ya kawaida, mwizi wa kuki bado angeweza kuchukua vya kwake yeye. Lakini kuamuru Defender isitazame diski, kuweka kazi ya SYSTEM, kuandika sera ya HKLM, kupanda agizo kwenye WMI, vyote hivyo vingegonga mlango unaodai nenosiri asilokuwa nalo.

Siku Windows mpya ilipokaa sawa, nilihifadhi orodha ya Autoruns kama ilivyo. Programu ile ina uwezo wa kulinganisha orodha ya leo na ya zamani, ikakuonyesha tu kilichoongezeka. Nimelinganisha kila wiki kwa wiki nne. Wiki ya tatu ilitokea mistari miwili mipya, yote ya printa, na nilikuwa ninazo habari zake: dada alikuwa amenipigia simu mchana ule, dirisha la nenosiri likiwa wazi mbele yake, akinisomea jina la mtengenezaji herufi kwa herufi kabla hajaandika chochote.